Nyumba yetu Mji Mkongwe: warithi 14, wa 15 dunia nzima, wa kununua chokaa hakuna

mtoto_wa_barazani:
Assalaam alaykum wanajamvi, na wengine wote habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mie n'na nyumba, yaani sina, tunayo. Iko Mji Mkongwe huku Unguja, mtaa siutaji kwa sababu humu wamo ndugu zangu wanaosoma na hawakomenti. Kainunua babu yake baba, ina orofa mbili juu ya duka, kuta za mawe zile nene ukikaa dirishani unakunja miguu yote, na mlango wa nakshi (siuzi, wale wa kunifuata PM nimeshasema siuzi). Babu kafariki haijagaiwa, wanawe nao hawakugawa, sasa ukituhesabu warithi tuko 14, watano wako Muscat, mmoja Toronto, waliobaki tunaonana mazikoni na harusini.

Kisa chenyewe ni ukuta wa ngazi. Miaka mitatu nyuma ulianza kumwaga mchanga, kila asubuhi ukifagia unajaza kizoleo. Ami akaleta fundi, fundi akakwangua lipu yote ya zamani akapiga sementi ikang'ara kama benki, tukamshukuru tukamlipa na pilau akala. Masika mawili tu. Sementi imevimba, bapa zima likadondoka usiku tukadhani mwizi, na kule nyuma jiwe limekuwa unga unalichota kwa kijiko. Tena boriti mbili za dari zimeoza ncha pale zinapoingia ukutani.

Sasa ndugu wamegawika. Mmoja anasema tupige sementi tena lakini na wavu wa chuma. Mwengine anasema tuiache ianguke wenyewe, tuuze kiwanja tugawane, maana kuibomoa haturuhusiwi, nyumba ni ya urithi wa dunia. Mie nacheka mpaka nalia, urithi wa dunia! Ina maana mrithi wa 15 ni dunia nzima, na yeye kama hawa wengine tu, kusema anasema ila mchango wa chokaa hatoi.

Naomba msaada, sheria inasemaje na huu ukuta nafanyaje.

Mkuu_wa_Kaya:
Uza mlango ukarabati ukuta. Next.

mtoto_wa_barazani:
Nilijua tu wa kwanza atakuwa wewe.

mzee_wa_mafaili:
Kijana, mimi nimestaafu lakini mambo haya nimeyasukuma miaka, ngoja nikupangie kidogo.

Huko kwenu kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, imeanza 1985, sheria yake ilikuja 1994 kisha ikatungwa nyengine 2010. UNESCO wao wameutia mji kwenye orodha ya urithi wa dunia 2000, tena msikosee hapa, UNESCO haimiliki jiwe hata moja wala haina askari mtaani, kinachokubana ni sheria ya Zanzibar yenyewe. UNESCO kazi yake kuuliza serikali, mbona mmeruhusu hiki, mbona kile kimeanguka.

Nyumba zimepangwa kwa daraja. La kwanza ndio yale makubwa, Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, Zahanati Kongwe pale Mizingani aliyoianza tajiri Tharia Topan. La pili ni nyumba za watu zenye sura ya kuhifadhiwa, nadhani ya kwenu imo. Ukitaka kugusa mlango, dirisha, roshani, rangi ya nje, paa, kuongeza orofa, kibali kwanza fundi baadae. Hata lipu ya ukuta unaoonekana barabarani.

Na huyo ndugu yako wa kusubiri ianguke mwambie asihesabu pesa mapema. Kiwanja kikibaki kitupu bado kimo ndani ya mipaka, atakayejenga atafuata kimo na sura ya majirani na vifaa vinavyokubaliwa, hawezi kusimamisha kioo cha ghorofa nane. Kwa hiyo mnunuzi naye anajua, atakupeni bei ya kiwanja chenye masharti.

Fundi_Chokaa:
Mimi sheria siijui nitazungumza ukuta. Huyo aliyepiga sementi hakuwa na nia mbaya, ndivo wanavofundishwa, sementi ndio ugumu. Lakini sikiliza, jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa mofa. Linanyonya maji kutoka chini, linanyonya hewa ya bahari na chumvi yake. Ukilipaka chokaa yale maji yanatoka taratibu nje, ukuta unapumua, kila miaka kadhaa chokaa inachakaa unapaka nyengine basi. Sementi inayaziba. Yanakaa ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inasukuma, na kinachovunjika hapo ni jiwe maana sementi ngumu kuliko jiwe lenyewe. Umeona mwenyewe, sementi imeanguka nzima kama sahani na jiwe ndio limekuwa unga.

Wavu wa chuma ndio usijaribu kabisa, utashika kutu na kutu nayo inavimba, utarudi humu na uzi mwengine.

Nikuulize, juu ya huo ukuta wa ngazi kuna nini?

Kinondoni_Damu:
Wakuu mimi niulize swali la kijinga, kwa nini mtu asibomoe nyumba yake?? Yaani nimelipa, hati ninayo, halafu afisa aniambie dirisha liwe la mbao. Huku bara hatuna huo upuuzi ndio maana Dar imepaa.

mzee_wa_mafaili:
Kinondoni, huko bara unayo, ila ina tundu. Sheria yenu ya Mambo ya Kale ni ya 1964, imerekebishwa 1979, nayo inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Sasa piga hesabu, Dar es Salaam yenyewe Sultani Majid kaanza kuijenga miaka ya 1860 katikati, Boma la Kale ni 1866 au 67, Wajerumani wamekuja baadae kabisa. Ina maana karibu mji mzima wa kale wa Dar umekosa ule mstari kwa miaka michache tu. Kila jengo linabidi waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali ndio lilindwe, na lisipotangazwa mwenye tingatinga anawahi. Tembea Samora na India Street uangalie kilichobaki.

Jambo la kukufurahisha, milango imewekwa peke yake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Yaani Bagamoyo kuna mahali mlango una ulinzi na nyumba yake haina.

Kinondoni_Damu:
😂😂 mlango una mwanasheria nyumba haina. Sawa mzee nimekaa.

mtoto_wa_barazani:
@Fundi_Chokaa juu ya ukuta kuna paa la bapa, na kwenye kona hiyo hiyo kuna tangi la maji. Maji ya mji huku hayana ratiba kila mtu ana tangi.

Fundi_Chokaa:
La lita ngapi

mtoto_wa_barazani:
1000. Na la pili dogo la 500 la mpangaji wa chini

Fundi_Chokaa:
Basi umeweka tani moja na nusu juu ya kona ya ukuta uliopangwa kwa udongo na chokaa, na boriti zake zimeoza ncha. Hizi nyumba hazikujengwa kubeba maji, maji yalikuwa kisimani chini. Na choo nacho mmekipandisha juu?

mtoto_wa_barazani:
...ndio. Ami alikipandisha 1998, bi mkubwa alikuwa anaumwa magoti hawezi kushuka ngazi.

Fundi_Chokaa:
Simlaumu mtu, magoti ya mama kwanza. Lakini bomba limepita wapi? Limezikwa ndani ya ukuta si ndio. Kesho asubuhi fungeni bomba zote, soma mita ya maji, kaeni saa tatu bila kutumia, isome tena. Halafu panda juu uangalie mlizamu wa kutolea maji ya paa, nahisi umeziba.

Kibokoni_Mtu:
Hamjambo nyote, mimi ni wa Mombasa Mji wa Kale, hapa nyuma ya Fort Jesus. Haya ya tangi na choo ni sisi sisi kabisa, ungebadilisha jina la mtaa tu. Kwetu ni sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi, iko chini ya National Museums of Kenya, na kuna ofisi ya uhifadhi hapa Mji wa Kale ati ukitaka kubadilisha roshani wajua waenda kuwaona. Fort Jesus yenyewe imeingia orodha ya dunia 2011, Lamu wao walitutangulia 2001.

Lakini wacha nikwambie kitu kinachotuuma sisi. Ngome yalindwa, mtalii alipa tikiti, ukuta wa baharini wajengewa usiliwe na mawimbi. Sawa. Nyumba za watu zilizoizunguka ngome, ambazo ndizo mji wenyewe, mwenye nyumba amepewa masharti akaachwa nayo. Kodi ya chini yalipwa na mpangaji wa tangu zamani, pesa haitoshi hata kubadilisha boriti moja. Sasa afanyeje? Aiacha. Ikianguka waja watu na kamera.

NgamboHalisi:
Mimi nitasema lisilopendwa. Mnalilia majumba ya masultani na matajiri wa karafuu na biashara ya watumwa. Bibi yangu alikuwa Ng'ambo, ng'ambo ya mtoni kweli sio kwa jina, nyumba ya udongo na makuti, ikavunjwa kupisha majumba ya Michenzani baada ya Mapinduzi, na hakuja mtu yeyote kupima kimo cha dirisha lake. Urithi wa dunia unaanzia kwenye jiwe tu? Nyumba ya mkwezi haikuwa urithi?

mtoto_wa_barazani:
Yakhe, hoja yako nzito na sikupingi. Ila nisaidie hapa, huo ukuta wetu aliupanga nani? Sio aliyekaa rosheni anakunywa kahawa. Jiwe limechimbwa na mtu, chokaa imechomwa na mtu, boriti zimebebwa begani kutoka pwani, na wengi wao walirudi kulala Ng'ambo. Mie nikiulinda sijui namlinda tajiri au namlinda fundi.

NgamboHalisi:
Hapo umenipata nusu. Nusu nyengine bado.

Fundi_Chokaa:
Babu yangu alikuwa mchoma chokaa na alikaa Ng'ambo. Naacha hapo.

Kinondoni_Damu:
Wazee mimi nimerudi. Nimegugo hilo Beit al-Ajaib, kwa hiyo hata la serikali lilianguka?? Sasa huyu jamaa wa warithi 14 mnamtisha nini!

mzee_wa_mafaili:
Lilianguka 25 Desemba 2020, mchana, mafundi wako kazini, watu wawili wakafariki Mungu awarehemu. Hilo ndilo jengo la Sultani Sayyid Barghash la 1883, la kwanza Unguja kuwa na umeme na lifti, nguzo za chuma zimeagizwa nje. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, vita vya dakika 38, ilibomoa Beit al-Hukm jirani yake na hili likasimama. Likaja kuanguka lenyewe. Na onyo lilikuwepo, kona ya roshani yake iliporomoka 2012, likafungwa, pesa za Oman zikaja, ukarabati ukaanza, na likaanguka likiwa kwenye ukarabati.

Ndio maana namwambia kijana, tatizo sio sheria kukosekana. Lile lilikuwa na kila ulinzi wa karatasi unaoujua wewe.

Mkuu_wa_Kaya:
Na ile nyumba kongwe ya Mambo Msiige je? Mbona hoteli imejengwa mpaka ufukweni, nyinyi mkibadilisha dirisha mnaandikiwa barua.

mzee_wa_mafaili:
Hilo nalo lilifika mpaka vikao vya Kamati ya Urithi wa Dunia, wakahoji ukubwa wa jengo jipya lililounganishwa na la zamani. Nyumba ya zamani ni ya karibu 1850, imekuwa mikononi mwa wamisheni, ikawa ya serikali ya Waingereza, hospitali, ofisi. Hoteli imefunguliwa 2015. Wazee wanasimulia kuwa chokaa yake ilichanganywa na mayai maelfu. Ukweli wake anaujua Mungu, jina ndio limebaki, na limetusadifu sote.

Binti_Matrah:
Salaam kutoka Muscat. Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme. Sisi ni wale waliotoka 1964, nyumba ya babu yangu mzaa mama ilichukuliwa, ikagaiwa vyumba vyumba wakatiwa watu, kila chumba familia. Nimekwenda 2011 kuitizama, nikapiga hodi, mama mmoja akanikaribisha chai. Nilikwenda na hasira nikarudi sina. Kakaa pale miaka zaidi ya 30 analipa kodi ndogo, hana hati, hana ruhusa ya kutengeneza na hana wa kumtengenezea, paa likivuja anahamisha kitanda. Kanionesha beseni zake, sita, kila moja inajua mahali pake.

Mwenye uzi, hao ndugu zako watano wa huku nadhani sio wabaya. Wengi wetu tunaogopa kutuma pesa kwa sababu hatujui zinaingia ukutani au kwenye harusi. Tumeni picha. Tumeni risiti. Na jambo dogo, huku Oman majumba ya zamani yameezekwa kwa boriti za mikoko, wanaziita chandal, zilikuja kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Bibi alikuwa akitizama juu ya dari anasema hizi ndio zetu hizi.

mtoto_wa_barazani:
Bi dada umenigusa wallahi. Mabeseni sita. Sisi tunayo matatu.

Kibokoni_Mtu:
Kwa hizo boriti, sasa hivi waipata wapi? Kwetu mikoko haikatwi ovyo ovyo, mpaka kibali cha misitu.

Fundi_Chokaa:
Hapa pia kibali, na sawa tu maana ikikatwa yote bahari itakula pwani. Kinachoshangaza wengi ni kuwa boriti ndio iliyochora hizi nyumba. Mkoko ulionyooka haukupi zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo chumba chochote cha Mji Mkongwe ni kirefu na chembamba. Mtu anakuja na fikra ya kuvunja ukuta wa kati apate sebule kubwa, huo ukuta ndio umebeba ncha za boriti pande zote mbili! Nimeona nyumba imebonyea kwa ajili hiyo, mwenyewe akawa anatafuta mchawi.

Boriti iliyooza ncha sio lazima itoke yote. Inategemezwa kwa miti kutoka chini, orofa hadi orofa mpaka ardhini, sio unategemeza juu ya dari ya chini ukadhani umemaliza. Halafu inaangaliwa imeoza kiasi gani. Pengine inawekewa mbao ngumu ya kuibeba ubavuni mwa ukuta, unahama mzigo unaacha ncha. Inaonekana, haipendezi sana, lakini hukuvunja dari.

Chokaa sasa. Usinunue ile ya mfuko ya kupakia miti. Tafuta iliyolowekwa shimoni, ikikaa miezi ndio inakuwa laini kama siagi. Banduni sementi yote polepole kwa patasi, MSITUMIE mashine ya kugonga, acheni ukuta ukauke, yaani ukauke kweli, hata kaskazi nzima. Ndio mjaze mawe yaliyoliwa, ndio lipu nyembamba, ikikauka ndio ya pili, na mnafunika magunia ya maji isikauke mbio. Fundi akikwambia tuchanganye sementi kidogo iwahi kushika, mpe nauli.

Kinondoni_Damu:
Kaskazi nzima ukuta uko uchi? Mkuu hiyo ni miezi

Fundi_Chokaa:
Umekaa miaka mia na ushee, miezi mitatu haiwezi?

mzee_wa_mafaili:
Kijana usisahau upande wa mirathi. Ukienda kuomba kibali utaulizwa nani mwenye nyumba. Nendeni Mahkama ya Kadhi mkajue mafungu yenu, hata kama hamuuzi. Nyumba yenye wenyewe 14 wasiojulikana mafungu ni nyumba isiyo na mwenyewe, hakuna atakayetia saini na hakuna atakayekopeshwa.

mtoto_wa_barazani:
APDETI (siku 9 baadae)

Samahani kwa kimya. Mita ya maji: tumefunga bomba zote baada ya Alfajiri, baada ya saa tatu imesogea. Bomba la choo cha juu linavuja ndani ya ukuta, Mungu anajua toka lini, pengine toka 1998 hiyo hiyo. Mlizamu nao nimepanda mwenyewe, mna kiota, mna kandambili ya mtoto, mna mche wa mbaazi umeota urefu wa mkono. Maji ya paa yote yalikuwa yanashukia ukutani. Tumehangaika na sementi na ugonjwa uko juu.

Tangi kubwa tumeliteremsha uani, pampu ndogo inapandisha. Ami amekasirika siku mbili kwamba namkosoa, siku ya tatu akaja na patasi yake mwenyewe.

Nimefungua grupu la wasap la warithi wote 14. Nikatia picha ya ukuta, picha ya mbaazi, bei ya chokaa. Kimya siku nzima. Halafu wa Toronto, ambaye hatujamsikia miaka, akaandika "hiyo ngazi ndio niliyovunjikia jino" akatuma pesa. Wa Muscat wawili wakafuata. Yule wa kusubiri ianguke katoka kwenye grupu, jioni karudi anauliza picha za mbaazi.

Kwa Kadhi bado, tumepangiwa tarehe. Kibali nimeandika barua, @mzee_wa_mafaili nimekutumia PM uniangalizie lugha.

Kibokoni_Mtu:
Mashallah. Hiyo mbaazi umeitia nazi?

mtoto_wa_barazani:
Bi mkubwa kaihamishia kwenye debe barazani, hataki iguswe.

NgamboHalisi:
Kazi ya kubandua sementi mkihitaji mikono n'na vijana wawili, wamejifunza chokaa kwenye ukarabati mmoja huko mjini. Ni wa Ng'ambo lakini, msije mkawapa chai ya mabaki 😀

mtoto_wa_barazani:
Waje Jumamosi. Pilau hii mara tunapika baada ya kazi, sio kabla.

Mkuu_wa_Kaya:
Mlango bei gani?